Pamba ya Udi Sikioni mwa Mzee Nasor

Ami yangu,

Umeondoka miezi minne tu, na tayari kaka Suleiman, mrithi wako, kataka chumba chako cha tiba hapa Ruwi akipangishe kwa fundi cherehani. "Tabibu ndo keshakufa," kanambia, "wewe ulikuwa unamshikia taa tu." Miaka tisa nimekushikia taa, Ami. Nliumia, nkamwomba mwezi mmoja.

Wiki ya mwanzo hakuja mtu. Ya pili kaja swahibu yako Mzee Nasor, anajikuna sikio mpaka kofia inamwanguka. Kumbe tangu tukuzike anajitibu mwenyewe, kila siku anajitia mafuta ya kitunguu thomu. Nkamulika ndani: ukungu mweupe na vidoa vyeusi, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Nkakusikia ukisema, "Fangasi ni mtoto wa unyevu. Ukimtia mafuta, unamlisha." Ndo tiba ya Kiyunani uliyonifunza: maradhi ya unyevu huondolewa kwa ukavu.

Nkampeleka hospitali kwanza watazame kama kiwambo cha sikio kimetoboka, maana hilo hukupenda tubahatishe. Kizima. Basi nkamkataza mafuta ya thomu, nkamsafisha taratibu, nkamkausha, nkamtia siki iliyochanganywa na maji. Siku zikapita, wapi. Nkaanza kukata tamaa, na mwezi wangu ushapita nusu.

Mpaka Ijumaa nlipomwona anakwenda kuswali. Kachomeka pamba ya mafuta ya udi, tena si pembeni ya sikio kama watu, kaisukuma ndani kabisa. Nlicheka mpaka wapita njia wakanitazama. Kumwambia aache, utadhani nimemnyang'anya mke. "Mimi, Nasor, niingie msikitini sinukii?" Nkamwambia apake kwenye kishada cha kanzu kinachoning'inia shingoni, ndo kazi yake.

Siku kumi, sikio kavu. Kenda mwenyewe kumtafuta Suleiman, kamwambia, "Sasa nasikia mpaka mke wangu akinisema jikoni. Mwache mtoto afanye kazi."

Jana Suleiman kaniletea ufunguo. "Haya, wa chumba chako huo," kasema. Hakusema chumba cha Ami. Nlifurahi sana, kisha nkakaa chini nkalia, maana hapo ndo nlipojua kweli hutorudi.

Buriani, Ami. Mola akupanulie hapo ulipo. Nakuahidi sitotia tone katika sikio la mtu kabla sijalitazama, na nisilolijua ntasema silijui.

Mwanao,
Rahma