Kisutu Ndani ya Mfarishi

Jumapili. Kipupwe kimeingia, jua la leo halikaushi hata kitambaa cha mezani.

Nawaomba radhi wasomaji wangu kwa ukimya tangu Idi. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa nafumua nyuzi.

Siku chache baada ya Idi nilikwenda gulioni Tingi kutafuta mapazia. Katika lundo la mitumba nikakuta mfarishi, tandiko zito la kujifunika, lililoshonwa kwa mkono kwa vipande vya kanga. Muuzaji aliapa kwamba umetoka Ulaya. Nilibinya pembe moja, nikasikia mbegu za sufi zikiteleza ndani. Ulaya hakuna misufi. Sikubishana naye, nikaununua.

Ulikuwa mchafu na umechanika, lakini mshono wake ulinitia adabu. Nimefundisha ushonaji miaka mingi, na sijapata kuona mkono uliotulia namna ile.

Sufi haifuliwi. Ikilowa hugandamana mabonge. Hutolewa yote, huanikwa juu ya jamvi, hupigwa fimbo mpaka inyanyuke, na kitambaa hufuliwa peke yake. Basi ua wangu hapa Kivinje ukajaa manyoya meupe, na jirani yangu Bi Sharifa akachungulia juu ya ukuta.

"Mwalimu, wanafunzi wamekwisha, sasa unachapa magodoro?"

Nikamwambia lile si godoro.

"Basi hilo lisilo godoro limekosa nini, maskini?"

Akaja kunisaidia, bila kuombwa, kama kawaida yake. Aliposhika kipande cha kanga ya njano yenye korosho akapiga ukelele. "Hii sare yetu ya harusi ya Mwanaidi, kule Mchinga! Mama yake ndiye aliyetuchagulia. Nililalamika mpaka nikachoka. Njano inanifanya nionekane mgonjwa."

Kabla sijasema neno alikuwa ameshampigia Mwanaidi simu.

Hivyo nikajua mfarishi ulikotoka. Mama yake Mwanaidi amefariki. Baada ya arobaini nguo zake ziligawiwa sadaka, kama ilivyo desturi, na mke wa kaka yake Mwanaidi ndiye aliyezigawa. Mfarishi ulikuwa miongoni mwazo. Aliyeupewa aliuuza, nao ukafika Tingi.

Jambo hilo lingeishia hapo, kama nisingefumua kiraka kimoja kilichooza. Chini yake, kati ya viraka na mfuko wa sufi, palikuwa na rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nikafumua na cha pili. Ni kisutu, kanga ya bibi harusi, kizima, kimetandazwa ndani tangu pembe hadi pembe. Viraka vyote vimeshonewa juu yake.

Mwanaidi alikuja Alhamisi. Aliniamkia, akakaa, akakigusa kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, hiki tulikitafuta sandukuni mpaka chini. Nilimwambia wifi yangu kwamba amekiiba. Tangu siku hiyo hatusemezani."

Mama yake alikuwa ameahidi kwamba kisutu hicho atavishwa mjukuu wake, binti wa Mwanaidi, siku ya ndoa. Ndoa ni mwezi ujao. Kwa nini alikishonea ndani ya mfarishi, hakuna anayejua. Huenda alikificha. Huenda alihitaji tu kitambaa cha chini kilicho imara.

Nilimwambia achukue mfarishi mzima.

Alikataa. "Sadaka tuliitoa kwa mikono yetu. Nikiirudisha ndani, nitamwambia nini mama yangu? Lakini kisutu hatukukitoa, mwalimu. Mtu hutoaje asichokijua?"

Bi Sharifa akadakia kwamba sadaka hutolewa na kilichomo. Ukimpa mtu kuku mwenye yai tumboni humdai yai. Mwanaidi akamwambia, "Wewe shangazi, kwako kila kitu ni kuku," na kwa mara ya kwanza tangu afike akacheka.

Nilikwenda kumwuliza shehe. Alisema nimeununua kwa halali, mali ni yangu, nifanye nipendavyo. Jibu hilo ni sahihi. Halikunisaidia chochote.

Ukweli wa kazi ni huu: kisutu hakitoki peke yake. Ili nikitoe, sharti nifumue kila mshono alioushona marehemu. Bibi harusi atavaa kanga ya bibi yake, nami nitabaki na rundo la vipande. Ninaweza kuvishona upya. Siwezi kuvishona kama yeye.

Na kuna neno jingine ambalo sikumwambia Mwanaidi.

Sitaki kuuachia. Nimeuzoea mikononi. Kila alasiri ninapokaa nao uani sikumbuki kwamba nyumba hii ina mtu mmoja tu. Kwa hiyo kila hoja ninayoitoa kuhusu mishono ya marehemu naishuku, maana sijui kama namtetea yeye au najitetea mimi.

Leo asubuhi Mwanaidi amepiga simu. Hakunihimiza. Alinieleza tu kwamba amekwenda kwa wifi yake kumwomba radhi, na wifi ameuliza swali moja: "Sasa kiko wapi?"



Mkasi nimempa Bi Sharifa akae nao kwake, nisije nikaamua kwa mikono kabla ya kichwa. Nitakapokwenda kuuchukua mkasi huo, au nitakapomwambia abaki nao, nitakuwa nimeamua. Hapo nitaandika, wala si kabla.