Mzuka wa Chumba Namba Saba

Latrice, usicheke. Niko kwenye ile hoteli ya kihistoria ya katikati ya mji wa Savannah niliyokuringia wiki nzima. Nimemleta mama, leo katimiza miaka themanini.

Maji ya moto hakuna. Nimeshuka kuuliza, Preston wa mapokezi akaniambia kwa upole, "Huyo ni Bibi Eulalia. Aliachwa siku ya harusi yake mwaka 1859. Hapendi watu waoge."

Hapendi watu waoge, Latrice. Mtu mzima, na tai kavaa.

Dirisha halifungi? Bibi Eulalia. Kitanda kimeinama upande mmoja? Bibi Eulalia. Hawa mafundi hawana, wana marehemu.

Saa kumi jioni ukuta ukaanza kugonga, ngo ngo ngo. Preston kaja mbio na wageni sita, kila mmoja na simu mkononi. "Ndiye huyo," ananong'ona.

Mama akamtazama tu. "Mwanangu, hapa palikuwa ghala la viatu. Nimepanga viatu ghorofa hii miaka ishirini na miwili. Hakuna bibi harusi aliyekanyaga hapa. Hilo ni bomba."

Akavua kiatu, akaligonga nacho bomba kwenye kona ya ukuta, mara mbili. Kimya. Na maji ya moto yakaja, nakuapia.

Wageni wakatoka mmoja mmoja kama wametoka kuzika.

Sasa Preston yuko mlangoni, anamsihi mama alirudishe bomba lilivyokuwa. Wageni wa kesho wanakuja kumsikiliza Bibi Eulalia.

Mama kamjibu kutoka bafuni, "Subiri nimalize kuoga."