Chupa Zilizorudi Zimejaa

Kerugoya

Mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Bado linakuuma ukipanda kutoka mtoni, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na mvua ya huko Taita je, mahindi yameshika? Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya hapa chini ya Mlima Kenya nimeshaizoea, na chai nainywa kama wenyeji, maziwa tele.

Leo nina ombi, lakini acha nikueleze yote kwanza, usije ukadhani mwanao amepagawa.

Unajua nafanya kazi kwenye stoo ya soda ya jumla. Wenye maduka hutuletea kreti za chupa tupu, nasi tunawapa zilizojaa. Kiwanda nacho hakitupi soda bila chupa. Shida ni kwamba chupa zinapotelea vijijini. Huyu anatilia mafuta ya taa, yule dawa ya kikohozi, mwingine kazipanga kuzunguka maua yake. Basi tajiri wangu, Mzee Njogu, akawaita wenye maduka uani kwetu. Akawaambia kila chupa itawekewa dipoziti: unaacha pesa, ukirudisha chupa unapewa pesa yako.

Kelele zilizopigwa! Mama mmoja mwenye duka Kianyaga akasimama, kitambaa kichwani, mikono kiunoni.

"Mimi nauza soda, siuzi chupa! Ati nilipe chupa na mtu hakunywi chupa? Watu yangu wanarudisha kwa sababu wako na heshima. Nikianza kuwashika na pesa, hiyo heshima itaenda wapi?"

Wakampigia makofi. Hapo kimbelembele changu kikanisukuma. Nikapanda juu ya kreti nikamjibu mbele ya watu wote. Nikasema heshima tunayo, ila mtu akiacha kitu ndipo hurudi, na lori linaondoka nusu tupu kila wiki. Nikasema Nairobi zimeshaingia chupa za plastiki za kunywa na kutupa, na tukizidi kupoteza hizi za kioo tutaletewa hizo, mitaro yote izibe. Nilisema vizuri, Mama, sitajifanya mnyenyekevu. Mikono ikainuliwa, dipoziti ikapita.

Siku iliyofuata akaja Muthoni, yule mwalimu wa chekechea niliyekuandikia habari zake. Amevimba.

"Ulimfanya nini mama yangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe ndiye yule wa Kianyaga! Sikuwa nimewahi kumwona mama yake, na posa nilikuwa nimeshaitangaza kwa Jumamosi.

Nikapiga moyo konde, nikaenda hivyo hivyo. Mzee Njogu alikubali kusimama mahali pa wazazi, tukabeba kreti nne za soda, maana ndivyo posa inavyopelekwa siku hizi. Mama mtu akatupakulia irio, lakini usoni hakunitazama. Soda zikanywewa. Tulipoinuka kuaga, mimi kwa mazoea ya kazi nikauliza, "Na chupa tupu ziko wapi?"

Siku ya posa, Mama! Wazee wakaguna. Nyanya mmoja akacheka mpaka akakohoa: "Huyu ameleta mahari na anataka kurudi nayo!" Mama Muthoni akasema maneno mawili tu, "Chupa itakuja," akaingia jikoni.

Wiki nzima hazikuja. Mzee Njogu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, lakini si hilo lililoninyima hamu ya chakula. Nampenda Muthoni, nakuambia waziwazi, na niliona nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa mkokoteni wa punda ukaingia uani, na Mama Muthoni akitembea kando yake. Kreti zote nne, na chupa zimejaa! Uji wa wimbi uliochachuka vizuri, kila chupa imezibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi.

"Sasa kiwanda itachukua uji?" Mzee Njogu akalia. Lakini wenzangu wa stoo walikuwa tayari wanashangilia. Wakanieleza kwamba kwao, mtu akikuletea kitu kwenye kikapu, humrudishii kikapu kitupu. Ukirudisha kitupu ni kama unamwambia asije tena. Mama, nilikubaliwa! Tulikunywa uji ule mpaka matumbo yakalalamika, na chupa niliziosha siku mbili kwa mchanga na maji moto, mimi ambaye nyumbani nilikuwa naikimbia sufuria moja.

Nisalimie kaka yangu mkubwa anayekuangalizia ng'ombe, na dada yangu mfumaji wa vikapu, mwambie nimemtetea kila inaposemwa kwamba kiondo kizuri ni cha huku tu. Msalimie pia shangazi yangu wa kwaya.

Sasa ombi langu. Mama Muthoni alipokuwa bado uani nilihesabu zile chupa, na moja haikuwapo. Nikamwambia kwa adabu kwamba imepungua. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, akacheka.

"Hiyo niko nayo kwa nyumba. Si wewe ulisema mtu aache kitu ndio arudi? Mimi sijaona mwenye kuzaa hii mdomo. Hiyo chupa sipatii wewe wala Njogu. Nitapatia mama yako kwa mkono yake, akikuja kwangu."

Nauli nimempa dereva wetu anayeshuka Voi, na Nairobi nitakupokea mwenyewe. Njoo, Mama, uichukue chupa yetu.

Mwanao akupendaye,
Mwakio