Dada, Hata Wenye Ndege Huficha Miezi

Dada Oliva,

Kama huko uliko bado unawacheka watu, basi leo nicheke mimi. Nimelia mbele ya darasa zima la Wachina. Mimi, uliyekuwa ukisema nina moyo mgumu kama jiwe la kusagia! Nilitoka kwa mlango wa nyuma nimeziba uso na koti langu jeupe la udaktari, na nje mvua ya Guangzhou ikanimalizia.

Tangu ufe sijakuandikia. Habari yako ilinifikia wakati nyumbani matanga yameshaanuliwa na watu wamerudi mashambani. Mjomba aliandika kwamba umefariki kwa uzazi, mtoto wa kike yu hai, nijipe moyo, nisome kwa bidii. Kwetu mfiwa haachwi peke yake hata akitaka. Hapa nilikaa sakafuni bwenini, nikiwasikia wenzangu wakipita koridoni na mabeseni yao, wakicheka mambo yao. Nilimweleza msimamizi wa bweni kwa Kichina changu kwamba dada yangu amekufa. Akanipa chungwa. Simlaumu, alikuwa na huruma, ila hakujua amfanye nini mtu mweusi anayelia. Aliyenikalia msiba ni Bi Rehema, mfanyabiashara wa Kariakoo ninayemtafsiria kila Jumamosi kwenye maduka ya nguo za jumla kule Zhanqian. Aliacha mizigo yake, akaja na sufuria ya wali, akavua viatu na kukaa nami chini mpaka jioni.

Lakini nikuambie ukweli, Dada, nilikukasirikia. Nilikukasirikia kuliko nilivyokulilia. Nesi wa zahanati alikuambia mapema: mimba ya kwanza, nyonga nyembamba, mwezi wa nane ukiingia upande meli uende hospitali ya wilaya, ukae kwenye nyumba ya kusubiria uzazi. Wewe ukamdanganya kwamba ndiyo kwanza una miezi sita. Tumbo lilipozidi ukajifunga khanga mbili na kumwambia mtoto amefuata ukubwa wa baba yake. Uchungu ulipokuja, ziwa lilikuwa limechafuka, meli imeshapita, na njia ya nchi kavu kwetu unaijua, hata mbuzi huilalamikia. Ungekuwa mjinga ningekusamehe upesi. Hukuwa mjinga.

Leo tulikuwa na mgeni darasani, nesi mstaafu kutoka Kanada, mama mfupi mwenye sauti iliyozoea kuita watu kwenye upepo. Amefanya kazi kaskazini kabisa mwa nchi yao, kwa Wainuit, ambako bahari huganda na kijiji hakina barabara ya kwenda kijiji kingine. Akatuonyesha picha: nyumba chache za mbao, theluji hadi macho yanapoishia, na zahanati moja. Nilisogea mbele kama mtu aliyeonyeshwa kwao. Toa theluji, weka Ziwa Nyasa, ni sisi.

Halafu akasema serikali yao hulipia ndege. Mjamzito akikaribia siku zake anachukuliwa mpaka mji wa kusini, anapewa mahali pa kulala, analishwa, anazalishwa, yote kwa gharama ya serikali. Darasa likaguna. Nikaona wivu, Dada, wivu mbichi kabisa. Nikasema moyoni, angezaliwa kule Oliva wangu angekuwa hai leo. Nikakuwaza kwenye ndege, wewe ambaye hata mtumbwi ulikuwa ukikutapisha, nikatabasamu peke yangu.

Kisha yule mama akasema wanawake walikuwa wakificha miezi. Mkalimani akarudia kwa Kichina, nikayasikia mara mbili. Mwanamke anaulizwa kliniki, anajibu bado, bado. Uchungu ukimshika ananyamaza na kuendelea kuosha vyombo, ili ndege isimuwahi. Kwa nini? Kwa sababu nafasi ilikuwa yake peke yake. Mume abaki, mama mzazi abaki, watoto wabaki. Yeye akakae majuma kadhaa kwenye mji asiojua mtu, ale chakula kisichopita kooni, azae huku anaangaliwa na wageni. Hapo ndipo nilipotoka.

Maana nilikuona. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwa mama yake, na mama ndiye anayekaa nyuma yake kumshika mgongo siku hiyo. Ulikuwa ukisema tukiosha vyungu ziwani, "Mama asiponishika mgongo mimi sizai, mtoto atakaa humo humo." Na Mama alikuwa tayari kwenda nawe wilayani. Alishafunga unga na dagaa. Nesi akamwambia nafasi ni ya mjamzito tu, ndugu hawana pa kulala. Mama akafungua mzigo wake. Baada ya hapo ndipo ulipoanza kusema miezi sita, na mimi nilikuwa naijua hadithi hii yote bila kuielewa.

Na upweke wenyewe naujua, ndiyo maana naona aibu kuchelewa kukuelewa. Mwaka jana nililazwa kwa homa ya mapafu, hospitali hii hii ninayosomea. Kitanda safi, dawa ipo, madaktari walimu wangu. Kila mgonjwa alikuwa na ndugu yake pembeni na chupa ya supu kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa na ukuta. Niligeukia ukuta huo nikapanga jinsi ya kuchomoa dripu na kutoroka. Daktari mtarajiwa, Dada! Kama mtu angeniuliza hali, ningemwambia nimepona.

Nilijifuta uso nikarudi kumsubiri yule nesi. Nikamuuliza, sasa walifanyaje? Akasema wanawake wenyewe walibishana na serikali kwa miaka. Baadhi ya sehemu sasa zina nyumba ya uzazi pale pale kijijini, wanawake wa pale wamefundishwa ukunga, daktari anaulizwa kwa simu, na ndege ni ya wale wanaoihitaji kweli. Akaongeza polepole, "Tulikuwa tumeleta ndege. Hatukuwa tumewauliza."

Sijidanganyi. Kwa nyonga zako, wewe bado ungehitaji meli. Ulichokosa ni nafasi ya pili, ya Mama, na ingeliokoa maisha yako.

Bi Rehema amekuwa akinishawishi nikimaliza nibaki tufungue ofisi ya ukalimani. "Daktari wa porini anakula nini, mawe? Baki huku, malaoban, wenye maduka, wote wanakujua, ukisema tai gui le, ghali mno, wanashusha bei wenyewe." Nilikuwa nimeshakubali nusu. Nilikuwa naogopa kurudi kwetu, kwa sababu kaburi lako liko njiani kutoka gatini. Leo nimemwambia hapana. Akanuna kidogo, kisha akanipa jinzi ndogo kutoka viwanda vya Xintang nimpelekee Atupele. Ndiyo, mwanao anaitwa hivyo, na anatembea. Mama anasema akiambiwa njoo anakwenda, akiambiwa nenda anakuja. Hapo hatuna haja ya kuuliza amerithi kwa nani.

Ubalozi utakapotuuliza tunataka kupangiwa wapi, wenzangu watasema Dar. Mimi nitataja wilaya yetu, na nadhani hakuna atakayeigombania nami. Sijui kama serikali yetu itanipa hata glovu za kutosha. Lakini nitawapigia kelele mpaka kila kitanda cha mjamzito kiwe na cha pili pembeni. Na mwanamke akinidanganya miezi yake sitamgombeza. Nitamuuliza anataka nani amshike mgongo, na huyo naye atapanda meli.

Sina hasira nawe tena, Dada. Pumzika kwa amani. Nikifika nitakaa kwako kwanza, kisha ndipo nipande nyumbani kwa Mama. Na Mungu akitujalia uhai, siku Atupele atakapokwenda kuzaa, nyuma yake nitakaa mimi.

Mdogo wako,
Agnesi