Nani Anakupenda?

Shoga uko wapi? Nimetoka shuleni kwa binti yangu sasa hivi, natamani ardhi ipasuke nizame.

Eti amewachapa wenzake watatu. Na kila akimaliza kumchapa mtu anamuuliza, "Nani anakupenda?" Mtoto wa watu mpaka ajibu "Wewe" ndipo aachiwe.

NANI ANAKUPENDA! Maneno yangu hayo, nikimchapa lazima nimalizie hivyo. Usicheke.

Mwalimu mkuu akanitazama juu ya miwani: "Mama, mambo haya anayaona wapi?"

Nami, mkavu wa macho, nikamjibu, "Kwenye televisheni, mwalimu. Sinema za siku hizi zinaharibu watoto."

Binti akadakia hapo hapo: "Lakini mama, si ile televisheni uliipasua siku uliponirushia kiatu ukanikosa?"

Ukanikosa! Mbele ya mwalimu mkuu!

Nikamgeukia nimkate jicho moja tu, basi. Mwalimu akasema taratibu kabisa, "Mama, naomba uvae kiatu chako."

Shoga, kilikuwa mkononi. Sijui hata nilikivua saa ngapi.