Dawa ya Mwanga

Uswidi,
14 Februari 2004

Dada yangu Eva,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Vudee, wewe na watoto. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Baba nitamwamkia mwishoni.

Barua yako nimeipata. Unasema jicho lake la kulia limezimika kabisa, na daktari wa Same amesema presha iliyoletwa na mtoto wa jicho aliyekomaa imeshaua mshipa, hata upasuaji hausaidii tena. Tena madaktari wa macho wanarudi mwezi wa nne, naye baba amekataa kushuka Same. Eti hawezi kukatwa jicho na wageni wakati Yona wake anatengeneza dawa ya mwanga. Nilipofika hapo nikaikunja barua kwa aibu.

Maneno hayo ni yangu. Nilipokuja likizo nilimweleza kwamba mtoto wa jicho ni protini zilizoshikana, kama ute wa yai uliopikwa. Nikasema kwenye maabara yetu tunatia chembe za dhahabu zisizoonekana, tunazimulika kwa mwanga wa kijani, zinapata joto, na protini zinaachiana. Alikuwa ndiyo kwanza ameng'oa kahawa, bei imekufa, ushirika umekufa. Nikampa kitu cha kujivunia kanisani, naye akakitangaza kwelikweli.

Sasa sikia, dada. Chembe zile haziachanishi chochote. Nikizimulika, protini zinazidi kushikana, na maji yaliyokuwa safi kwenye chupa yanageuka meupe kama maziwa mbele yangu. Wala sikulijua hilo jana. Nililijua miezi minne kabla madaktari hawajaja mwaka jana. Ukaniandikia kuuliza kama baba aende, nikakujibu asubiri kidogo. Nilijua, Eva. Sikutaka tu kurudi Vudee nikiwa mtu aliyeshindwa. Jicho lile nimelila mimi.

La kushoto bado linatibika. Barua zangu zote wewe humsomea baba kwa sauti, na najua hii utataka kuruka kipande. Usiruke. Akinitukana mwache amalize, kisha mshushe Same, hata kama ni kwa kumvuta mkono.

Wasalimie watoto, na majirani wanaoniulizia.

Baba, shikamoo. Nimeiweka huku chini ili uyasikie yote kwanza. Eva, akiitikia, niandikie. Akinyamaza, niandikie pia.

Ni mimi mdogo wako,
Yona Hezroni