Yai lililomjibu mama mkwe

Shoga, nimejifungia jikoni. Nimekwisha!

Yule kuku wangu mweusi leo katoka kwenye kiota na vifaranga wake, kaacha yai moja. Nikaliweka sikioni, kumbe kuna mtu analia ndani! Ningeliacha lipoe? Nikalifunga na kitambaa kifuani, chini ya sweta.

Hata sijakaa, hodi. Mchumba wangu na mama yake! Walisema Jumapili, shoga. Wamekuja leo!

Na unanijua nilivyo. Nikakaa, macho sakafuni. Mama akaniuliza, "Binti, mbona husemi kitu?"

Kifua kikajibu: "Pii!"

Kifua, shoga. Mbele ya mama mkwe.

Shangazi yangu, tuliyekaa naye hapo, akajikohoza ili kufunika. Pii! tena. Mchumba anakagua simu yake, ilhali imezima. Mama akasema, "Mwanangu aliniambia wewe ni mpole. Hakuniambia unalia kama kifaranga."

Nikalitoa. "Mama yake kalikimbia, nikalionea huruma." Hayo tu ndiyo yaliyotoka mdomoni.

Nikajua uchumba ndio umekufa hapo.

Mama akalichukua, akalisikiliza, halafu akalitumbukiza kifuani mwake! "Wewe mwembamba, joto utalitoa wapi? Nenda kachemshe chai."

Mchumba akasema, "Mama, si tulikuwa tunapita tu?"

"Pita wewe. Mimi na mkwe wangu tunasubiri mtoto."

Mkwe wangu. Kasema mkwe wangu! Maji yamekauka kwenye sufuria, shoga, na mimi bado nimesimama hapa nacheka peke yangu.